Ngege Asiye na Kichwa

Kule Ndhiwa, katika sekondari yetu, mwalimu wa Sayansi Kimu alituambia somo lake lingetupeleka chuoni, na chuo kingetupeleka kazini, moja kwa moja bila kona. Alituchorea na mishale ubaoni. Hakumchora baba yangu akiwauza fahali wake kunilipia karo.

Chuoni nilifundishwa kupika samaki kama mtu anayemwonea haya. Unamkata kichwa, unamchuna ngozi, unamtoa mifupa yote, halafu unammwagia mchuzi mweupe asijulikane alikuwa nani. Nikafaulu vizuri, na nikaringa mno.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini na kazi zilikuwa haba. Mwenye hoteli moja Homa Bay, mfanyabiashara kutoka Mombasa, alikubali kunijaribu siku moja.

"Ukiwaridhisha wateja wangu, binti, kazi ni yako."

Nikishindwa, ningerudi nyumbani kupalilia mahindi huku baba akinitazama.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mnene aliyekula hapo kila siku. Mwenye hoteli alimpelekea ngege wangu, samaki wa ziwa letu, mweupe pe, na kipande cha limau juu. Mzee akamgeuzageuza kwa kidole.

"Hii samaki, kichwa yake iko wapi?" akanguruma. "Kama sioni macho, nitajuaje kama imekufa leo ama juzi? Mnanionanga mtoto?"

Kichwa chenyewe nilikuwa nakifyonza mimi, jikoni. Huko chuoni hakuna aliyenikataza.

Mwenye hoteli akaja jikoni, akairudisha sahani mezani pangu, akaondoka. Nilitaka kulia. Badala yake nikachukua ngege mwingine, nikamchanja mbavuni, nikamtia chumvi, nikamkaanga mpaka mkia ukakauka, nikamtosa kwenye nyanya na vitunguu kama tulivyopika nyumbani kabla sijaelimika. Kichwa nikakiacha mahali Mungu alipokiweka.

Nikachungulia dirishani. Mzee alikula, akafyonza macho yote mawili, akalamba vidole, kisha akamwita mwenye hoteli.

"Huyu ya pili ndio mpishi. Ule ya kwanza fukuza leo leo."

"Nimeshamfukuza, jaduong', mzee wangu," akajibu mwenye hoteli, macho yake kwenye dirisha langu, bila hata kutabasamu.

Nikapata kazi, nikafurahi sana. Lakini yule aliyefukuzwa nilimhurumia, maana ndiye aliyesoma.