Kugonga Ndani ya Boksi la Besi

Fundi Ngurumo alikuwa ametumia miaka ishirini na sita kuyapa magari ya watu muziki wa kutikisa vioo, nayo magari yakamlipa kwa kumla masikio kidogo kidogo. Hakumwambia mtu. Mteja akisema neno, yeye humtazama midomo, akacheka, na mara nyingi kicheko kikaangukia mahali pake. Besi aliipima kwa kiganja, mkono juu ya spika. Watu walidhani ni mbwembwe za ufundi.

Alikuwa na sababu ya kuficha. Mama yake, aliyepooza miguu, alilala chumba cha nyuma, ukuta mmoja na karakana. Mapatano yao yalikuwa mepesi: akihitaji kitu, agonge ukuta mara tatu kwa fimbo. Dada mkubwa alitaka kumchukua mama akakae kwake, safari ya siku nzima kutoka hapo.

"Lakini wewe unasikia kweli?" dada alimwuliza alipokuja mara ya mwisho. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Dada, mimi nasikia hata siafu akikohoa!"

Na kweli mambo yalikuwa shwari. Asubuhi alimpelekea mama chai, mchana chakula. Siku nyingine alikuta shuka limelowa, akabadilisha, akadhani ni uzee. "Mama siku hizi hasumbui kabisa," aliwaambia majirani, tena kwa kujivuna, masikini.

Siku moja, saa tano asubuhi, mjane mmoja alileta gari la marehemu mumewe. Hakukaa kwenye kiti cha dereva bila kutandika kanga kwanza.

"Alifia hapa, fundi, muziki ukilia mpaka betri ikaisha. Tangu hapo redio inakata yenyewe, kisha inarudi yenyewe. Watoto hawataki kulipanda."

"Hakuna shetani, mama. Ni waya tu."

Na ilikuwa waya. Kulikuwa na spika mbili kubwa ndani ya boksi moja, na mtu alikuwa amezifunga mono, zote kwenye njia moja ya amplifaya. Mzigo ukaizidi, ikichemka inajizima, ikipoa inaamka. Dawa yake ilikuwa kuzifunga stereo, kila moja kwenye upande wake, kushoto na kulia. Mjane akaenda sokoni. Fundi akalitoa boksi, akaliegemeza kwenye ukuta wa nyuma, akakata waya zote.

Akaweka kiganja juu ya spika ya kushoto kuona kama imelegea. Ikamgonga. Mara tatu, taratibu, kutoka ndani.

Alirudisha mkono kama aliyeshika pasi ya moto. Waya zilikuwa zinaning'inia, hazijaunganishwa na kitu chochote duniani. Akachukua mita yake ya mshale, akazishika waya mbili za spika ile. Mshale ukalala. Kisha ukaruka: mara moja, mbili, tatu. Ukalala tena.

"Marehemu," alisema, akijua anavyochekesha, "mimi nimetumwa tu. Mambo yenu ya nyumbani siyajui."

Mshale ukaruka mara tatu. Akaliburuta boksi hadi katikati ya karakana, mbali na kila kitu, akapima tena. Kimya. Akangoja, kimya. Alishusha pumzi na kushika koleo amalizie kazi, lakini mkono ukakataa. Ufundi ulikuwa umemfundisha jambo moja: hitilafu ikikukimbia, irudishe ilipokuwa. Akapiga moyo konde, akalisukuma boksi mpaka likagusa ukuta.

Mshale ukaruka. Ukaruka tena, kidogo. Mara ya tatu ulitikisika tu.

Spika ikitikiswa huzaa umeme kidogo, hilo alilijua; aliutazama ukuta. Akaweka kiganja pale, juu ya plasta yenye ubaridi, naye akajua, na hofu aliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa afadhali.

Alikimbilia chumba cha nyuma. Mama alikuwa sakafuni, shavu chini, fimbo mkononi. Alimwinua, akamlaza, akamfuta vumbi usoni.

"Mama, unagonga tangu lini?"

Akatazama midomo ya mama ikijibu. "Leo ni kwa sababu nimeanguka. Mwezi uliopita niligonga wiki nzima, hukuja. Nikasema mwanangu kanichoka. Nikaacha."

"Sikusikia." Hakuwahi kulitamka neno hilo. "Mama, mimi sisikii. Jioni nitamwambia dada ukweli wote, hata akija kukuchukua."

Mama akakishika kiganja kile cha mwanawe, akakigonga kwa kidole mara tatu, na fundi akalia kama mtoto.

Baadaye mama aliinua kichwa na kumgusa kidevu ili amtazame.

"Nje kuna mteja anapiga honi, mwanangu. Muda mrefu sasa. Nenda kamfungulie."