Malkia Asiye na Sababu

Mtaani kwa Laraba, pale Kano, wanawake walikuwa wakimlaani mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Alikuwa Malkia wa Kisima, mchawi aliyeiba watoto na kuwanywesha maji ya kuwasahaulisha mama zao. Laraba ndiye aliyemtunga kwenye madaftari ya shule, akampelekea mchapaji wa sokoni, na vitabu sita vikaisha kama kosai, zile bagia za kunde za asubuhi. Malkia hakupewa sababu ya ubaya wake. Alikuwa mbaya, basi.

Ila alipewa mwendo wa pole, kovu kwenye kidole gumba na cheko la kuziba mdomo. Mtaa mzima ulijua hayo ni ya nani. Yalikuwa ya Delu, mke mkubwa, mwenza wa Laraba.

Nami niseme wazi: Delu hakuiba mtoto wa mtu. Kwa Wahausa hawa mama humwonea haya kifungua mimba wake, hamwiti jina wala hambembelezi mbele za watu, na akishamwachisha ziwa huweza kumpa mwingine amlee. Delu, ambaye hakujaliwa kuzaa, ndiye aliyepewa Mairo, kifungua mimba wa Laraba. Laraba alimtoa bila chozi, maana kulia ilikuwa aibu. Chozi lilikuja kutoka miaka kumi baadaye, kwa njia ya kalamu, likamwangukia asiyestahili.

Delu hakujua kusoma, lakini wasomaji hawakukosekana. Siku moja alikuja na bakuli la fura, mtama uliokorogwa kwa maziwa, akakaa kizingitini kwa Laraba. Mairo alikuwa uani anapepeta mtama.

"Mdogo wangu, huyu malkia wako, mtoto akishikwa na homa, nani anakesha naye?"

"Aa, Dada, hadithi tu hiyo."

"Najua. Basi mwandikie hata siku moja ya wema. Watoto wa jirani wananikimbia."

"Wasomaji wanataka mtu wa kumlaani, Dada. Nikimpa sababu watamhurumia, na kitabu bila mbaya kitadoda."

"Haya. Kunywa fura yako, isije ikachacha."

Mwezi ule Delu alirudi kijijini kwao, bila ugomvi, bila kuaga majirani. Mwaka haukuisha, habari zikaja kwamba yu hoi kitandani.

Ndipo Laraba alipoandika kitabu cha saba. Humo Malkia alimleta mtoto kila jioni mlangoni kwa mama yake, akitumaini atapokewa hata kidogo, na mama akageuza uso. Hilo halikuwa la kutunga; ndivyo Delu alivyokuwa akimleta Mairo. Laraba alilijua miaka yote, akaliacha nje ya vitabu sita. Aliandika huku akilia kama mtoto.

Alifika kijijini na daftari lake, akiwa na Mairo, msichana wa miaka kumi na minne sasa. Delu alikuwa amezikwa jana yake.

Mairo alilisoma daftari lote akiwa ameketi kwenye mkeka wa marehemu.

"Umemtendea haki, mama mdogo," alisema. "Ila sasa mbaya ni nani? Si ulisema bila mbaya kitadoda?"

Haya ilimtoka Laraba, na mbele ya wafiwa wote akalitamka jina ambalo hakuwahi kulitamka.

"Mairo."

Msichana aligeuka upesi, akatazama mlango wa chumba cha Delu, kama anayeitwa kutoka humo.