Mikono Juu ya Shuka

Mgonjwa akianza kuchunachuna shuka, anafunga mizigo. Ndivyo Georgette alivyofundishwa na wauguzi waliomtangulia, na kwa miaka kumi na tisa katika chumba cha mahututi pale Uvira hakuna aliyembishia. Nani angebisha? Akishasema, jamaa walimchukua mtu wao akafie nyumbani.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Mama Blandine, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka mtaa wa Kimanga, aliyelazwa kwa homa ya mapafu. Siku mbili hasemi, macho darini, vidole vinaokota visivyoonekana. Binti yake, Noella, alikuwa ameshaita pikipiki.

Bahati yao, ilikuwa siku ya formasyo. Dokta André alikuwa ametoka Bukavu kuwafundisha kutambua akili iliyovurugwa na ugonjwa. Akasimama penye kitanda.

"Dokta, huyu umuache," Georgette akasema. "Iko anafunga mizigo."

"Mama Georgette, shika mukono yake kwanza. Umuambie akufinye kila akisikia A."

Georgette nusura acheke. Herufi, kwa mtu anayeaga dunia! Hata hivyo akazitaja, moja moja. Kwenye A, kimya. Kwenye S, mkono ukamfinya. Kwenye B, tena! Weee! Nywele zilimsimama. Kumbe mtu alikuwa humo ndani, anasikia, ila amepotea njia.

"Huyu haagi," André akasema. "Amevurugika. Tutafute kitu chenye kinamuvuruga."

Noella akaambiwa asubiri. Wakampapasa: tumbo la chini gumu kama ubao. Sonde, ule mpira wa mkojo, ilikuwa imeziba. Wakaibadilisha, na André akapunguza dawa ya usingizi.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hili Georgette hakulitegemea kabisa. Kesho yake Mama Blandine alimtazama usoni, akakunja uso.

"Weye ni nani? Na ndagala zangu, nani iko anauzisha?"

Mungu wangu! Georgette alishika kifua, akamtazama mama yule anavyogomba, asishibe kumtazama. Machozi yalimtoka bila haya. Noella naye akamrukia shingoni.

"Aksanti, mama! Aksanti sana!"

Georgette akaibandua mikono ile shingoni mwake. Alikuwa amemkumbuka mzee Basile wa Kasenga, aliyechunachuna shuka mwaka jana, na mwanawe aliyemshukuru vilevile alipomwambia ampeleke nyumbani.