Nadhiri ya Cleofas na Baiskeli ya Kijani

Ramoncita aliweka kikombe mezani akasema baiskeli si miguu.

"Ina pedali," alijibu mdogo wake, Cleofas. "Pedali huzungushwa na nini kama si miguu?"

"Uliahidi kutembea. Kukaa juu ya kiti siyo kutembea."

"Hujakikalia kile kiti, dada. Ungekikalia, usingekiita kiti."

Belarmino, kaka yao, alikuwa karibu na dirisha akila maharage kwa pilipili nyekundu. Alicheka mpaka akapaliwa, na Ramoncita akamgeukia.

"Cheka tu. Nadhiri yenyewe ni kwa ajili yako."

"Ndiyo maana nasema. Mimi niliyeombewa nimeridhika. Aende na baiskeli, aende na punda, mimi nimeridhika."

"Wewe hukuulizwa," alisema Ramoncita. "Hatukukuahidi wewe."

Hapo alikuwa na hoja. Belarmino alipelekwa vitani Vietnam akiwa bado anajifunza kunyoa ndevu. Mwaka huo dada zake walipiga magoti katika kanisa dogo la Piedra Parada, mbele ya sanamu ya Mtoto Mtakatifu. Wakaahidi kwamba kaka yao akirudi hai, kila Ijumaa Kuu watakwenda huko kwa miguu kutoka kijijini kwao Ojo Frío, hadi nguvu ziwaishie. Belarmino akarudi na vidole vyake vyote, na tabia ya kulala taa ikiwaka. Tangu siku hiyo hawakukosa hata mwaka mmoja. Walikwenda kwenye theluji, walikwenda kwenye upepo unaojaza mchanga mdomoni. Mwaka mmoja Cleofas alikwenda akiwa na mimba kubwa, Ramoncita akimbebea mkoba na kumkaripia njia nzima.

Sasa nyonga ya Cleofas ilikuwa imechakaa. Daktari wa mjini alimwonyesha picha yake na kumwambia aachane na safari ndefu za lami. Kuhusu baiskeli alisema hiyo haina neno, kwa kuwa haimgongigongi mtu mifupa. Cleofas aliyapokea maneno hayo kama ruhusa. Ramoncita aliyapokea kama kisingizio.

Sehemu kubwa ya maisha yake Cleofas alikuwa mpeleka barua. Alizunguka na pikapu katika barabara za milimani, ambako nyumba moja iko mbali na nyingine kiasi cha majirani kujuana kwa moshi wa majiko yao. Aliwajua mbwa wote kwa majina. Alipostaafu alidhani atakaa barazani, achambue maharage, azeeke bila haraka. Lakini Ojo Frío ipo katika njia ya waendesha baiskeli wa masafa, wale wanaotoka kwenye baridi ya kaskazini wakielekea mpakani kusini. Wanapita misitu, makorongo na nyika kavu za juu, mifuko ikining'inia pande zote mbili kama mizigo ya punda. Duka la kijiji lilikwisha kufungwa. Mwendesha baiskeli wa kwanza alibisha hodi kwa Cleofas kuomba maji, pua imembabuka kwa jua. Cleofas akampa maji, kisha maharage, kisha chapati mbili za moto, na mwisho akamwonyesha mahali pa kupiga hema chini ya miti ya kando ya mfereji.

Kufikia majira ya joto yaliyofuata walikuwa wakifika wakimtaja kwa jina.

Alizoea kuwauliza wanakusudia kupita wapi, halafu kutikisa kichwa. Ramani zao zilionyesha kila kona ya barabara, lakini hazikusema kwamba udongo wa Meza ya Kunguru ni mfinyanzi. Mlima huo ni bapa juu kama uliokatwa kwa msumeno, nao unapendeza kuutazama. Ukilowa, haupitiki. "Mkiona wingu kule juu, kaeni hapa," aliwaambia. "Kuleni. Subirini." Waliosikia waliondoka siku ya pili wakiwa wakavu. Wasiosikia walirudi jioni wamebeba baiskeli mabegani, na Cleofas aliwapa bomba la maji bila kusema neno, ingawa uso wake ulisema.

Baiskeli ya kijani Cleofas aliachiwa na mwanamke mrefu wa Uholanzi, Geertje, aliyevimba magoti hapo kijijini akalazimika kurudi kwao. Alisema ataifuata. Mwaka uliofuata alipita kweli, juu ya baiskeli nyingine, akaikuta ile ya kijani imefutwa vumbi na kufunikwa shuka. Akasema baiskeli ile imekwisha pata kwao, hawezi kuiondoa, akamwachia Cleofas.

Ndipo Cleofas akajifunza, akiwa bibi wa wajukuu, katika uwanja wa kanisa, Belarmino na kitambi chake akikimbia nyuma huku ameshika kiti na kuhema. Watu walitazama juu ya nyua zao. Alianguka kwenye mfereji, akaanguka kwenye kichaka cha mawaridi ya padri, akainuka. Kabla theluji haijashuka, aliweza kwenda hadi ukingo wa korongo na kurudi. Barabara zile zile alizipita maisha yake yote nyuma ya kioo cha pikapu, wala hakujua kwamba magome ya misonobari yakipigwa na jua hunukia kama sukari iliyoanza kuungua. Hakujua kwamba korongo lina upepo wake, wa baridi, unaopanda asubuhi kabla ya kitu kingine chochote kuamka. Alimweleza Ramoncita mambo hayo. Ramoncita akajibu kwamba kunusa miti siyo kazi ya mtu mzima.

Basi siku ile ya mabishano Ramoncita alisimama, akajifunga kitambaa kichwani, na akiwa mlangoni akasema, "Nenda nayo. Lakini usije ukapiga magoti karibu yangu na kumwambia Mtoto kwamba umetimiza."

Neno hilo lilimwingia Cleofas. Hakuogopa adhabu, Mtoto Mtakatifu alimfahamu vya kutosha. Aliogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba jambo ambalo wao wawili walilifanya pamoja maisha yao yote limefika mwisho. La pili, ambalo hakumwambia mtu, kwamba huenda dada yake yuko sahihi, na akifika na baiskeli itakuwa kana kwamba hakwenda.

Alhamisi Kuu Ramoncita aliondoka na mahujaji wengine kwa barabara kuu ya bondeni, wakitarajia kulala kwa jamaa. Hakupitia kuaga. Cleofas alipanga kuondoka Ijumaa alfajiri kwa njia ya milimani, msituni, kisha juu ya Meza, kisha kushuka korongoni mpaka Piedra Parada. Mvua ya theluji ilikuwa imenyesha wiki hiyo, lakini hilo halikumtisha. Mwezi huo udongo wa Meza huganda usiku ukawa mgumu kama saruji, na mtu akiuvuka kabla jua halijakolea, hupita kama yuko kwenye sakafu. Kilichotakiwa ni kutochelewa.

Msitu aliupita vizuri. Sindano za misonobari zililainisha njia, na ndege wa buluu alimfuata kutoka mti hadi mti akimtukana. Pedali zilizunguka bila kelele. Nyonga ilinyamaza. Alijikuta akisali rozari kwa mwendo wa miguu, salamu moja kwa kila mizunguko kadhaa, na akawaza kwamba hata Ramoncita angekubali sala ile ilikuwa sala.

Mwisho wa msitu, kabla ya kupanda Meza, kuna nyumba tatu. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa wema mtupu.

Desturi ya huku ni kwamba siku ya Ijumaa Kuu asiyetembea humlisha anayetembea. Chakula hicho ndicho fungu lake katika sala, na hujaji akikikataa ni kama amemfungia mtu mlango. Barabara ya bondeni hujaa mahujaji, na huko kila mwenye meza hupata wa kumlisha. Njia ya milimani haipiti mtu. Wenye nyumba zile tatu walikuwa wamepika kila mwaka na kuishia kula wenyewe. Walipomwona mwanamke mwenye rozari shingoni akitokea msituni, hata kama yuko juu ya baiskeli, hawakuuliza maswali.

Bi Eduvigen alitoka na sahani tayari mkononi: vitumbua vya mayai vilivyopigwa povu, vikielea kwenye mchuzi wa pilipili nyekundu. "Kaa, mwanangu."

"Nitakula nimesimama, mama. Ninalikimbia jua."

"Jua halikimbiki. Kaa."

Akakaa. Vilikuwa vitamu, na akapewa vingine. Alipofika nyumba ya pili, mzee Onofre, mjane, alikuwa amesimama katikati ya njia amekunja mikono.

"Nimeshiba, mzee wangu. Kweli kabisa."

"Umeshiba kwa Eduvigen. Kwangu hujala."

"Tumbo ni moja."

"Mimi nimepika mwenyewe, na marehemu mke wangu ananitazama. Unataka nimwambie nini?"

Akala mahindi ya Onofre, yaliyokuwa magumu kidogo, akayasifu. Nyumba ya tatu walikuwa wamemwona akila kwa wote wawili, kwa hiyo hapakuwa na la kujitetea. Walimkalisha mbele ya bakuli la mkate uliolowekwa kwenye shira ya mdalasini, wenye zabibu kavu na jibini, wakamtaka awaombee mtoto wao aliye jeshini. Jambo hilo lilimkalisha zaidi kuliko mkate. Aliwashika mikono, akaliuliza jina la yule kijana, akalirudia ili asilisahau.

Alipopanda Meza, jua lilikuwa limekwisha kaa juu ya barabara kama mwenye nyumba.

Mwanzoni udongo ulitoa sauti tu. Kisha ukaanza kujiviringisha kwenye matairi, tabaka juu ya tabaka, ukajaa kwenye madigadi na breki, na magurudumu yakagoma kuzunguka. Cleofas alishuka, akachokoa kwa kijiti. Akasukuma hatua chache, yakajaa tena. Alisimama katikati ya uwanda ule mkubwa, anga limemzunguka pande zote, akawakumbuka wageni wote aliowapa bomba la maji bila kusema neno. Akaona haya, kisha akacheka kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia.

Kurudi hakukuwezekana. Akaifungua mifuko ya baiskeli, akaivaa mgongoni, akaiinua baiskeli na kuitia begani.

Alitembea pembezoni, kwenye nyasi kavu na vichaka vyenye harufu ya dawa. Viatu viliokota udongo hadi akawa mrefu kuliko kawaida yake. Nyonga ililalamika, akaipumzisha kwenye kila jiwe lenye ukubwa wa kukalika, halafu akainuka tena. Mnyororo ulimpaka grisi shingoni. Alisali kwa ajili ya yule kijana aliye jeshini, akasali kwa ajili ya Belarmino ingawa alikwisha rudi zamani. Kwenye mawe ya mwisho alisali pia kwa ajili ya nyonga.

Njia ya kushuka korongoni ni mwamba, na chini yake kuna kijito. Aliiingiza baiskeli majini, akaisugua kwa viganja na majani mpaka rangi ya kijani ikaonekana. Magurudumu yakazunguka. Hapo alisimama kidogo. Hakikubaki kipande kirefu; angeweza kukitembea, akafika mlangoni kwa miguu kama miaka yote, na Ramoncita asiwe na la kusema. Lakini alikuwa amekuja na baiskeli, na hakutaka kumwigizia Mtoto. Akapanda.

Belarmino alimwona wa kwanza, akiwa ameegemea pikapu yake mbele ya kanisa. Alivua kofia, akairudisha. "Dada, umezikwa ukafufuka siku mbili kabla ya wakati."

Ramoncita alikuwa ameketi kwenye ngazi, viatu pembeni, akisubiri. Alimtazama mdogo wake kuanzia udongo uliomfika kiunoni mpaka grisi ya shingoni.

"Umeanguka?"

"Nimeibeba."

"Kutoka wapi?"

"Meza yote. Nilichelewa, ikayeyuka."

"Ulipita kwa Eduvigen."

"Kwa wote watatu."

"Hata kwa Onofre? Yale mahindi yake?"

"Nilimaliza bakuli."

Ramoncita alijiziba mdomo kwa kitambaa, na mabega yakamtikisika. Cleofas alingoja amalize, kisha akasema kile alichopaswa kusema. "Lakini kutoka kijitoni nimepanda, dada. Nimefika nikiwa juu ya kiti."

"Sikukuuliza," alisema Ramoncita.

Aliinuka, akaenda peku hadi kwenye baiskeli, akabonyeza kiti chake kwa dole gumba, akabonyeza tena. Akajaribu kukikalia, sketi imekusanywa mkononi, Belarmino ameshika usukani. Alikaa muda wa kuvuta pumzi moja, akashuka haraka.

"Hiki si kiti," alisema.

Kisha akamshika Cleofas mkono wenye udongo, wakaingia. Kanisa lilikuwa limejaa. Ramoncita alimsogeza jirani kwa kiwiko, akasogea na yeye, mpaka kwenye benchi la mbele ikapatikana nafasi ya magoti mawili zaidi.