Kilichopita Mdomoni

Kutoka Kasulu hadi Moshi nilisafiri siku mbili, miguu yangu ikiwa juu ya ndoo ya mawese aliyonifungia mama. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na nilishaacha kazi Tabora na Singida kwa sababu sikuzoea kukaa mahali. Moshi nilikaa miaka mingi, na chumba nilichofanyia kazi hospitalini bado nakikumbuka.

Asubuhi ya kwanza Muuguzi Mkuu wa hospitali alinipeleka chumba cha kamera ya kuchungulia tumbo, akanionyesha mpira mweusi wenye taa nchani.

"Huu unapita mdomoni, unashuka kwenye umio mpaka tumboni," alisema. "Ukiuosha vibaya, unampa mgonjwa wa pili ugonjwa wa yule wa kwanza. Tumeelewana, baba?"

Umio ni njia ya chakula kutoka kooni kwenda kwenye mfuko wa chakula. Kazi yangu ilikuwa kuosha mpira, kupima uzito wa wagonjwa, na kuwauliza swali moja: umekula? Chakula kikiwamo tumboni kinaweza kupanda wakati wa kipimo kikaingia kwenye mapafu, na mtu akafa mikononi mwenu.

Ndipo akaja Mama Aika, muuza mitumba wa mtaa wa Pasua. Mzani ulisoma kilo mia moja arobaini na mbili. Kwa miaka mingi alikuwa akitafuna vidonge vya magnesiamu kutuliza kiungulia, na alilala ameegemea mito mitatu.

"Sokoni wananiambia nimenawiri," alisema. "Sasa nyama inakwama hapa kifuani. Dada yangu alianza hivihivi, ikawa saratani. Nataka kujua mapema."

"Umekula, mama?"

"Sijala, mwanangu."

Daktari Bingwa alipoingiza mpira, kwenye kioo cha mashine tuliona uji mzito wa rangi ya maziwa. Mama Aika akaanza kutapika. Daktari aliuvuta mpira, Muuguzi Mkuu akamgeuza na kufyonza kwa mashine. Midomo ya Mama Aika ilikuwa imebadilika rangi. Alikohoa muda mrefu kabla ya kupumua vizuri.

"Nani alimuuliza?" Daktari alisema.

"Mimi. Alisema hajala."

"Sikula," Mama Aika akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Nilikunywa mtori. Mtori unatafunwa?"

Muuguzi Mkuu, mzaliwa wa Kibosho jirani na Moshi, alinitazama. "Kasulu hamna mtori? Ni ndizi zilizopondwa na nyama, huku tunakunywa. Ukimuuliza mtu kama amekula, atakujibu ulichouliza."

Tangu siku hiyo niliuliza hivi: "Tangu jana usiku, mdomoni kimepita nini?" Kisha nikataja mtori, maziwa, pombe ya mbege, chai, hata maji.

Wiki mbili baadaye Mama Aika alirudi, safari hii tumbo tupu, na kipimo kikakamilika. Daktari alimwonyesha picha ya umio wake: sehemu ya chini ilikuwa na vidonda vyekundu, na kipande kimoja ngozi yake ilishabadilika.

"Mafuta ya tumbo yanakandamiza mfuko wa chakula, kama mtu aliyekalia kiriba," alisema. "Mlango wa juu unalegea, tindikali inapanda na kuunguza. Vidonge vyako vilizima maumivu tu. Nimekata kinyama tukipime."

Majibu yalipokuja, haikuwa saratani, ila kile kipande kingeweza kuelekea huko. Mama Aika aliyasikiliza, akakunja karatasi akaitia kwenye kanga.

"Basi na tumbo hili lishuke," alisema.

Alimeza dawa alizoandikiwa. Aliacha kula usiku, akaacha mbege, akatembea kwa miguu kutoka Pasua kila mwezi kuja kupanda mzani wangu. Miezi mingine haukushuka hata kidogo. Alivaa viatu, mwezi uliofuata akarudi.

Siku yangu ya mwisho kazini, nikiwa na miaka arobaini na sita na begi langu liko mlangoni, alikuja kwa kamera ya marudio. Mzani ulisoma tisini na nane. Dada aliyepokea nafasi yangu alikuwa mezani. Jana yake siku nzima nilikuwa nimemfundisha kuosha mpira, na lile swali nikasahau kumpa.

"Mama, umekula?" akamuuliza.

Mama Aika alimwekea mkono begani. "Usiulize hivyo, mwanangu. Niulize mdomoni kimepita nini."

Akauliza.

"Mate na sala," Mama Aika akajibu, akapanda kitandani mwenyewe.

Nilingoja koridoni mpaka Daktari alipotoka akasema vidonda vimefunga na kile kipande hakijaongezeka. Ndipo nikabeba begi.