Kitabu Kilichomtaja Mbwa

Nakumbuka siku moja kule Kimilili, mwanangu, nami nilitaka kukitupa motoni kitabu hichohicho unachoniambia kimekuudhi. Keti kwanza.

Bibi mzungu alikiandika juu ya maisha yake shambani karibu na Kitale. Baba yangu alimpikia yeye na familia yake miaka mingi, kipande, kile kitambulisho cha kazi cha wakoloni, kikining'inia shingoni. Kitabu kilipotoka alijigamba soko zima kwamba yumo ndani. Akaita wenzake wa rika, waliotahiriwa pamoja naye, niwasomee. Wewe unawajua watu wa rika moja kwetu: wana ruhusa kukutania mpaka ulie, na kukasirika huruhusiwi.

Nikasoma, nikiwaelezea kwa lugha yetu. Farasi alitajwa kwa jina. Mbwa pia, hata kaburi lake.

"Umenifikia?" baba akauliza.

"Bado, baba."

Nikaendelea kufunua kurasa. Mwishowe nikafika pale mtoto wao alipougua, barabara imekatika, na baba akambeba mgongoni kwenye mvua mpaka kwa daktari Kitale. Bibi ameandika hivi: boi mmoja alimbeba. Mtu mzima, baba wa watoto, anaitwa boi, yaani mtoto wa kiume. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nikangoja wazee wamcheke. Wapi. Kila mmoja aliangalia kikombe chake cha chai. Baba akainuka, akazunguka chumba, akakaa, akainuka tena.

"Mbona hamnitanii?" akawauliza. "Leo mimi si mwenzenu?"

Nikakifunga kitabu. "Ni takataka, baba. Nakichoma."

"Fungua," akasema kwa ukali. "Jina langu nalijua. Nataka kujua huyu mama alikaa na mimi miaka yote hiyo akaona nini."

Nikasoma mpaka mwisho. Jina halikuwamo. Ndipo mzee mmoja akasema, "Kumbe ni huyu boi anatunywesha chai haina sukari."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Baba alicheka mpaka akajifuta machozi, akaketi, akaanza kuwasimulia ile safari ya mvua yeye mwenyewe.

Basi, mwanangu, kimalize. Usiruke yanayouma, ujue hasa walituonaje, maana wako ambao bado wanatuona hivyo, na usiposoma, wakikudharau utadhani ni wewe una kasoro. Ukimaliza, usibaki peke yako na hasira. Nenda kwa watu wanaokujua, uwaambie ya kwako kwa mdomo wako.

Mungu akutunze, na usikose kamwe watu wa kukutania.