Mahamri Ndani ya Tangazo la Tauni

Nilitia chumvi tangazo la tauni. Serikali ililibandika ukutani hapa mtaani kwetu Kuze kwa herufi za Kizungu, na wazee wetu husoma za Kiarabu, basi wakaniita mimi wa skuli niwasomee. Nikasoma vizuri: safisheni ghala, msiguse panya aliyekufa. Kisha nikaongeza langu, kwamba mahamri yaliyolala huita panya, heri wapewe watoto. Nilitaka viporo tu.

Kulipokucha, hakuna aliyenunua hata mahamri ya moto ya mama, nayo ndiyo yanayotulisha. Jirani akapita ameziba pua. "Si mwanao aliyetusomea?"

Mama akanisogezea kapu zima. "Kula, baba. Ukimaliza, nenda kawasomee kwamba panya ameacha mahamri, sasa apenda watoto wa skuli."